Ruta Imesasishwa, Simu Haiioni: Usiichokonoe Kwanza

Ruta nyingi zinazoletwa mezani kwangu hapa Izia, Sumbawanga, si mbovu. Usiku zimepokea sasisho la programu yake ya ndani, zikajizima na kujiwasha zenyewe. Asubuhi mwenye nyumba anafungua ile programu ya simu anayotumia kuisimamia ruta yake, anakuta maandishi kwamba kifaa hakipatikani. Kabla hajafika kwangu amekwisha kutafuta pini na kuichomeka kwenye tundu dogo la nyuma. Hapo tatizo la simu moja limegeuka tatizo la nyumba nzima.

Kazi ya ufundi wa simu na mitandao imenifundisha jambo ambalo natamani kila nyumba yenye ruta ilijue. Sasisho likikamilika vizuri, ruta kwa kawaida huwa salama. Iliyobaki nyuma ni simu, inayoshikilia kumbukumbu za ruta ya jana. Ni kama mtu aliyebadilishiwa kitasa cha mlango akaendelea kuja na ufunguo wa zamani: huvunji mlango, unampa ufunguo mpya. Kwa hiyo tuitibu simu kwanza, ruta baadaye.

Sasisho ni la lazima

Ruta ni kompyuta ndogo. Ina programu yake ya ndani inayogawa intaneti, kulinda nywila na kuzungumza na simu zenu. Watengenezaji huirekebisha wanapogundua mianya. Wakati mwingine wewe ndiye unayebonyeza kukubali. Wakati mwingine kampuni inayokuuzia intaneti huisukuma kutoka mbali, nawe hujui lolote mpaka asubuhi.

Wapo wanaoniambia, "Fundi, zima hayo masasisho kabisa." Siwezi kumshauri mtu hivyo. Mei 2018 iligundulika programu hasidi iliyopewa jina la VPNFilter, iliyokuwa imeingia kwenye ruta na vifaa vingine vya mtandao visivyopungua 500,000 katika nchi 54. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, likawaomba watu wazime na kuwasha ruta zao, na ushauri uliofuata ulikuwa kusasisha na kubadilisha nywila. Ruta isiyosasishwa ni mlango wa miamala yako ya simu, picha za familia na kazi za ofisini.

Cha kuangalia ni umeme. Kwa miaka mingi mji wetu umepata umeme kutoka Zambia badala ya Gridi ya Taifa, na kukatika ghafla tumekuzoea. Umeme ukikatika katikati ya sasisho, ruta inaweza kushindwa kuwaka tena; hilo ni kosa la kweli, halitibiwi na simu. Ukipata nafasi ya kuchagua, sasisha wakati umeme umetulia au ruta ikiwa kwenye betri ya akiba, kisha isubiri mpaka taa zake zitulie. Usiichomoe kwa sababu umeona imechelewa.

Anza na data ya simu

Mwalimu mmoja wa hapa Izia alinijia akisema, "Intaneti ipo, watoto wanaangalia video, lakini programu inaniambia ruta haipo." Nilimwomba azime data ya simu yake. Akaizima, akafungua programu upya, ruta ikajitokeza palepale.

Sababu ni hii. Ruta inapojiwasha upya, Waifai hupotea kwa dakika chache na simu inahamia kwenye bando. Baadaye Waifai ikirudi huku intaneti bado haijakaa sawa, simu nyingi huendelea kutumia laini bila kukuuliza. Programu nyingi za ruta huitafuta ruta ndani ya mtandao wa nyumbani, kwa hiyo ukipitia laini ya simu hutaiona. Zima data, zima VPN kama unayo, na simu ikiuliza kama uendelee na Waifai isiyo na intaneti, kubali.

Sahau Waifai, kisha ungana upya

Ikishindikana, nenda kwenye mipangilio ya Waifai, chagua mtandao wako, bonyeza kusahau, kisha ungana tena kwa kuandika nywila. Sasisho linaweza kutenganisha mtandao mmoja kuwa miwili, wa masafa ya gigahezi 2.4 na wa gigahezi 5, au kuiunganisha iliyokuwa miwili. Wa gigahezi 5 una kasi lakini haupenyi vizuri kuta zetu za matofali ya kuchoma. Sogea karibu na ruta unapojaribu.

Sasisho linaweza pia kuhamisha ulinzi kwenda WPA3, uliotangazwa mwaka 2018. Simu nyingi za zamani haziufahamu, hivyo zitakataliwa hata ukiandika nywila sahihi. Dalili yake ni simu ya mtoto kuingia na ya mama kugoma. Tumia ile inayoingia kubadilisha ulinzi uwe wa mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, na zote zitapata nafasi.

Programu nayo ina ruhusa zake

Kwenye iPhone, tangu toleo la iOS 14 la mwaka 2020, programu haiwezi kutafuta vifaa vya nyumbani mpaka uiruhusu kufikia mtandao wa ndani. Kwenye Android, programu nyingi za ruta huhitaji ruhusa ya mahali ulipo, na kwenye matoleo mapya, ya vifaa vilivyo karibu. Mtu akikataa mara moja, simu hukumbuka kukataa huko. Fungua mipangilio ya programu, toa ruhusa, kisha uisasishe programu yenyewe, kwa kuwa ruta mpya na programu kuukuu mara nyingi hazielewani. Baada ya hapo toka kwenye akaunti na uingie upya.

Kivinjari ndicho kipimo

Ikibaki kugoma, iache programu. Fungua kivinjari na uandike anwani ya ruta. Zinazojulikana sana ni 192.168.0.1, 192.168.1.1 na, kwa ruta nyingi za laini za Huawei, 192.168.8.1. Anwani za kundi hili zilitengwa tangu miaka ya 1990 kwa matumizi ya ndani, ndiyo maana ruta ya Izia na ya Muscat zinaweza kuwa na anwani ileile bila kugongana. Sasisho likibadilisha anwani hiyo, itafute kwenye taarifa za Waifai ndani ya simu: Android huiita lango, iPhone huiita ruta.

Ukurasa ukifunguka, tulia. Ruta ni nzima, na mengi unayoyafanya kwenye programu utayafanya hapo. Usipofunguka hata kwa kompyuta iliyounganishwa kwa waya, sasa una haki ya kuishuku ruta.

Pini iwe ya mwisho

Kuzima na kuwasha hakufuti kitu. Kubonyeza kitufe cha kwenye tundu kwa sekunde kadhaa kunairudisha ruta ilivyotoka kiwandani: jina la Waifai, nywila, na pengine taarifa za kukuunganisha na kampuni yako ya intaneti. Mwenye faiba anaweza kuhitaji jina la mtumiaji na nywila kutoka kwa kampuni. Mwenye ruta ya laini anaweza kuhitaji kuandika upya mipangilio ya laini hiyo. Ukiwa huna hizo, nyumba nzima itakaa bila intaneti mpaka huduma kwa wateja wapokee simu yako.

Kwa hiyo leo, ruta ikiwa bado inafanya kazi, chukua karatasi. Andika anwani ya ruta, nywila ya kuingia kwenye mipangilio, jina na nywila ya Waifai, taarifa ulizopewa na kampuni, na namba ya huduma kwa wateja. Ihifadhi mahali ambapo wa nyumbani wanapajua na wageni hawafiki. Mwenye karatasi hiyo na subira ya kufuata hatua hizi kwa mpangilio, awe Izia, Laela au Matai, matatizo mengi ya baada ya sasisho atayamaliza mwenyewe bila kumlipa fundi, nikiwemo mimi.