Mtukutu Asiyependa Utukutu: Mwanafunzi Mwenye ADHD Darasani

Kiswahili hakikosi maneno ya kumtaja mtoto asiyetulia: mtundu, mtukutu, machachari, kichwa kigumu. Takriban yote yamebeba lawama, nayo lawama hudhania kwamba mtoto angetaka, angetulia. Hapo ndipo penye kosa. Hali ijulikanayo kitaalamu kama ADHD, yaani upungufu wa umakinifu unaoandamana na utukutu uliokithiri, inatokana na tofauti katika ukuaji na utendaji wa ubongo, na kwa kiasi kikubwa hurithiwa. Malezi mabaya siyo chanzo chake.

Si hali ngeni. Mnamo 1902 daktari George Still aliwahutubia wenzake jijini London kuhusu watoto wenye akili timamu walioshindwa kujizuia. Ili itambuliwe leo, dalili sharti ziwe zimejitokeza kabla ya umri wa miaka 12, tena nyumbani na shuleni pia. Anayemsumbua mwalimu mmoja tu hahesabiki.

Yupo pia asiyeruka wala kupiga kelele. Macho yako ubaoni, fikira ziko mbali. Imla ikisomwa, yeye amebaki sentensi ya pili. Wasichana hasa hupatikana katika kundi hili, na kwa kuwa hawasumbui, huitwa wazembe na kusahauliwa.

Nchini Kenya, viboko vilipigwa marufuku shuleni mnamo 2001, na elimu ya msingi bila malipo ilipoanza 2003 madarasa yalifurika. Mwalimu aliyepokonywa fimbo na kuongezewa wanafunzi ana haki ya kuuliza afanyeje. Amketishe mtoto huyo mbele, mbali na dirisha. Atoe agizo moja kwa wakati. Kazi ya insha aigawe: kwanza hoja tatu, azione, kisha aya ya kwanza, aione pia. Kati ya hatua hizo amtume kukusanya madaftari au kufuta ubao, maana mwili unaohitaji kusogea utasogea tu, kwa ruhusa au bila ruhusa. Sifa nayo itolewe papo hapo. Ya mwisho wa muhula humfikia akiwa amekwisha kusahau alichofanya.

Mwalimu hapaswi kujitwika utambuzi wenyewe. Vituo vya tathmini ya elimu maalumu vilianzishwa nchini tangu 1984, navyo hupokea watoto wanaopelekwa na wazazi au shule. Dawa zipo na huwafaa wengi, ila ni juu ya daktari kuziagiza. Kazi ya mwalimu ni kuandika anachokiona, siku kwa siku, na kumwita mzazi kabla ya kumfukuza mtoto.