Mfadhili Anapodai Mageuzi

Misaada ya nchi tajiri husafiri kwa njia kuu mbili: ama moja kwa moja, serikali kwa serikali, ama kupitia mashirika ya kimataifa kama Benki ya Dunia na yale ya Umoja wa Mataifa. Njia ya kwanza humpa mfadhili sauti na sifa, kwa kuwa bendera yake huchorwa kwenye kibao cha mradi. Ya pili humpunguzia gharama. Nchi ndogo kama Luxembourg haiwezi kufungua ofisi ya misaada katika kila mji mkuu wa Afrika na Asia.

Katikati ya hizo mbili imeota njia ya tatu, na hapo ndipo penye ugomvi. Mfadhili hulipa shirika la kimataifa, lakini mkataba hutaja fedha zitumike nchi gani, kwa kazi gani, na taarifa iandikwe vipi. Kwa upande wake ana hoja. Waziri atasimama bungeni kueleza kodi za wananchi zimefanya nini, na kusema kwamba zimechangia bajeti ya jumla ya shirika fulani ni kujitafutia maswali zaidi. Idadi ya watoto waliochanjwa huyanyamazisha. Tatizo humwangukia anayepokea: kila mkataba huja na taarifa zake na masharti yake, na shughuli isiyo na mfadhili hulala.

Shirika la Afya Duniani limeonja hali hiyo. Michango ya lazima ya nchi wanachama ilishuka chini ya moja ya tano ya bajeti yake, iliyobaki ikawa ya hiari, tena nyingi yenye matumizi yaliyopangwa na mtoaji. Polio ikapata fedha nyingi; kisukari na shinikizo la damu, yanayoua watu wengi zaidi, yakaambulia kidogo. Mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kupandisha michango ya lazima hatua kwa hatua hadi nusu ya bajeti ya msingi.

Wafadhili haohao ndio wanaolalamika kwamba Umoja wa Mataifa una mashirika mengi mno yanayofanya kazi zinazofanana. Mwaka 2006 jopo lililoongozwa na mawaziri wakuu wa Msumbiji, Norway na Pakistan lilipendekeza mashirika hayo yafanye kazi kama chombo kimoja katika kila nchi: mpango mmoja, bajeti moja, kiongozi mmoja. Tanzania na Rwanda zilikuwa miongoni mwa nchi 8 za majaribio kuanzia 2007, na wafadhili kadhaa wakachangia mfuko wa pamoja. Uratibu uliongezeka, ila wakuu wa mashirika waliendelea kuwajibika kwa makao makuu yao New York, Geneva au Roma, na makao makuu nayo yaliendelea kutegemea fedha zenye masharti. Mwaka 2019 zilifuata hatua mbili. Mratibu Mkazi, yaani kiongozi wa Umoja wa Mataifa katika nchi husika, alitenganishwa na Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa ili asimame juu ya mashirika yote, na nchi wanachama zikaahidi kwamba hadi 2023 angalau asilimia 30 ya fedha za maendeleo zingekuwa za matumizi huru. Lengo hilo halikufikiwa. Ni vigumu kuona lingefikiwaje, ikiwa hazina za nchi zilizoahidi hazikubadili jinsi zinavyolipa.

Benki ya Dunia huaminiwa zaidi na wizara za fedha, na sababu haijifichi: kura zake hufuata hisa. Marekani ina takriban asilimia 16, na kwa kuwa kubadili mkataba wa benki kunahitaji asilimia 85, inaweza kuzuia badiliko lolote la aina hiyo. Kuna hesabu pia. Desemba 2024, huko Seoul, wafadhili waliahidi dola bilioni 23.7 kwa mfuko wa benki wa nchi maskini, ambazo kwa kukopa kwenye masoko ya mitaji zinageuka uwezo wa bilioni 100 kwa miaka mitatu.

Si wafadhili wote wanaodai mageuzi kwa ukali uleule. Mwaka 2011 Uingereza iliyapima mashirika 43 ikayaacha manne bila mchango wake wa msingi, likiwamo la maendeleo ya viwanda. Nchi za Skandinavia huchangia zaidi bila masharti, na Norway, Sweden na Denmark zimevuka kwa miaka mingi lengo la asilimia 0.7 ya pato la taifa lililowekwa mwaka 1970.

Sasa fedha zenyewe zinapungua. Uingereza inashusha misaada yake hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027 ili iongeze matumizi ya ulinzi, na Marekani ilivunja wakala wake wa misaada Julai 2025. Machi mwaka huohuo Katibu Mkuu António Guterres alizindua mpango wa kubana matumizi wa Umoja wa Mataifa, ambao umehusisha kupunguza nafasi za kazi, mjadala wa kuunganisha mashirika, na kuhamishia baadhi ya kazi za New York na Geneva katika miji yenye gharama nafuu, Nairobi ikiwamo.