Je, Wajua? Mipira 37 Iliyotikisa Nairobi

Rekodi ya dunia ya kriketi iliyodumu zaidi ya miaka 17 iliwekwa Nairobi, na hakuwa Mkenya aliyeiweka. Tarehe 4 Oktoba 1996 Pakistani na Sri Lanka, mabingwa wa dunia wa mwaka huo, walikutana ugenini kwa wote wawili, katika uwanja wa Gymkhana. Kijana Shahid Afridi wa Pakistani alikuwa ameitwa kuziba pengo la mrushaji aliyeumia, Mushtaq Ahmed. Kazi yake ilikuwa kurusha, si kupiga.

Akatumwa kupiga wa tatu. Mipira 37 tu, mbio 100! Mara 11 aliupiga mpira ukavuka mpaka bila kugusa ardhi. Aliyeadhibiwa zaidi ni Sanath Jayasuriya wa Sri Lanka, ambaye ova zake 10 za kurusha zilitoa mbio 94. Na rekodi iliyovunjwa, ya mbio 100 za haraka zaidi katika mechi za kimataifa za siku moja, kwa mipira 48, ilikuwa yake mwenyewe! Nayo aliiweka Singapore miezi michache tu kabla, dhidi ya Pakistani hao hao.

Gongo alilotumia Afridi lilikuwa la Sachin Tendulkar wa India. Tendulkar alikuwa amemkabidhi Waqar Younis, mchezaji mwenzake Afridi, alipeleke Sialkot, mji wa mafundi wa vifaa vya michezo, akatengenezewe mengine kama hilo.

Magazeti yalishangilia mtoto wa miaka 16. Mwaka 2019 Afridi akaandika kitabuni kwamba alizaliwa 1975. Hesabu fanya mwenyewe.

Corey Anderson wa New Zealand aliivunja rekodi hiyo Januari 1, 2014, kwa mipira 36.