Taa za Sikukuu za Marekani (4): Vidhibiti Viwekwe Wapi na Nyaya Zipite Wapi

Moto wa Eaton, ulioanza jioni ya tarehe 7 Januari 2025 katika vilima vilivyo juu ya Altadena, California, na kuteketeza zaidi ya majengo 9,000, uliliingiza jina la mji huo katika magazeti ya dunia kwa huzuni kubwa. Lakini katikati ya taarifa za misiba ilipenya habari moja ambayo wafuatiliaji wa historia ya mapambo ya umeme waliipokea kwa shukrani, nayo ni kwamba safu ya mierezi ya Barabara ya Santa Rosa, ijulikanayo kama Christmas Tree Lane, ilikuwa imenusurika kwa sehemu kubwa. Mierezi hiyo, ambayo asili yake ni milima ya Himalaya, ilipandwa katika miaka ya 1880 na John Woodbury ili itie kivuli njia ya kuendea jumba ambalo hatimaye halikujengwa, na mwaka 1920 Frederick Nash, mwenye duka kubwa katika mji jirani wa Pasadena, aliwashawishi wenzake waitundikie taa, kazi ambayo watu wa kujitolea wameiendeleza mpaka kizazi hiki.

Taa kama hizo ndizo mada ya mfululizo huu, na msomaji aliyefuatana nao tangu sehemu ya kwanza amekwisha kuona tofauti ya balbu zilizofungwa kwa mfuatano na zile zilizofungwa sambamba, na katika sehemu iliyopita alipewa hesabu ya mzigo, yaani jinsi wati zinavyogawanywa kwa volti ili kupata ampea. Kilichobaki ni jambo linalopuuzwa zaidi kuliko yote hayo, nalo ni njia ya umeme wenyewe kutoka ukutani hadi kwenye tawi, pamoja na mahali pa kidhibiti, ambacho ni kile kisanduku kinachoamua taa ipi iwake, ipi izimike na kwa mwanga wa kadiri gani. Watu huinua macho kutazama taa na kuzisifu. Wachache sana huinama kutazama nyaya, ilhali madhara mengi ya umeme hutokea kule chini, kwenye majani yenye maji.

Kwamba adui mkuu wa umeme wa nje ni unyevu lilikuwa jambo lililojulikana kabla hata balbu haijazoeleka. Mwaka 1880 Thomas Edison alitaka kuonyesha taa zake nje ya maabara yake ya Menlo Park, New Jersey, akaamuru nyaya zipitishwe ardhini, na wafanyakazi wake wakazilaza ndani ya vibao vya mbao na kuzimiminia lami itokanayo na makaa ya mawe. Mtambo ulipowashwa ilionekana kwamba umeme ulikuwa ukivujia udongoni pande zote. Ikabidi mitaro ifukuliwe upya, na kijana mmoja, Wilson Howell, akapewa kazi ya kutafuta kihami, yaani kitu cha kuufunika waya ili umeme usitoke nje ya njia yake. Howell alijifungia katika maktaba ya maabara, akasoma, kisha akaanza kupika michanganyiko yenye harufu iliyowakera wenzake, mpaka akapata ule uliofaa: lami ya asili kutoka kisiwa cha Trinidad iliyochemshwa katika mafuta ya kitani, ikaongezwa parafini na nta kidogo ya nyuki. Vipande vyembamba vya bafta vililoweshwa katika mchanganyiko huo na kuzungushwa kwenye shaba kwa mkono, futi baada ya futi, na nyaya zikarudishwa ardhini. Krismasi ya mwaka huo taa za Menlo Park ziliwaka nje, na abiria wa reli iliyopita karibu wakaziona gizani. Vitabu vingi vya historia ya mapambo huwataja abiria na kumsahau Howell, jambo ambalo ni dhuluma, kwa kuwa bila ile bafta yenye lami pasingekuwa na kitu cha kutazamwa.

Miaka miwili baadaye, Desemba 1882, Edward Johnson, mshirika wa Edison katika biashara, aliweka nyumbani kwake New York mti wenye balbu 80 nyekundu, nyeupe na buluu, na mti wenyewe ukawa unazunguka. Huo ndio mti unaotajwa kila mwaka kuwa wa kwanza kuwashwa kwa umeme, lakini umuhimu wake kwa mada ya leo ni kwamba ulikuwa pia na kidhibiti cha kwanza. Mikanda ya shaba ilizungushwa kwenye mti, na kadiri mti ulivyozunguka ndivyo mikanda ilivyogusana na vifungo vilivyoachwa mahali pake na kuachana navyo, hivyo kundi moja la taa likazimika na jingine likawaka bila mkono wa mtu. Mashine iliyouendesha ilikuwa hapohapo chini ya mti, hatua chache tu kutoka kwenye taa, na ndani ya nyumba kavu. Johnson alikuwa mfanyabiashara mwenye mbwembwe, lakini katika uchaguzi wa mahali hakukosea.

Swali la mvujo lilibaki bila jibu kamili kwa miaka mingine karibu themanini. Fyuzi na sakiti breka, ambazo wengi huzitegemea kana kwamba ni walinzi wa uhai, kwa kweli hulinda waya usiungue. Zitakaa kimya huku umeme wa sehemu ndogo ya ampea moja ukipita kifuani mwa mtu aliyeshika waya uliochubuka akiwa amesimama kwenye matope. Aliyelishughulikia jambo hilo kwa uvumilivu ni Charles Dalziel, profesa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyetaka kujua ni umeme kiasi gani unaoweza kuifunga misuli ya mkono hata mtu ashindwe kuachia alichokishika. Aliwapima wanaume 134 na wanawake 28 waliojitolea, akapata wastani wa miliampea 16 kwa wanaume na kama 10.5 kwa wanawake, miliampea ikiwa ni sehemu ya elfu ya ampea. Mwaka 1961 alitengeneza kifaa kilichotumia transista kulinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Ikiwa unaorudi umepungua kwa miliampea 5 hivi, maana yake kiasi hicho kimepata njia nyingine, pengine mwili wa mtu, na kifaa hukata umeme mara moja. Kuanzia mwaka 1973 Kanuni ya Taifa ya Umeme ya Marekani ilikifanya kuwa sharti kwa soketi za nje za nyumba. Kifaa hicho, kinachoweza kuitwa kikatamvujo, kimeokoa watu ambao hawakujua hata kama wameokolewa, na ndiyo sababu hakuna sanamu ya Dalziel katika bustani yoyote inayopambwa mwezi wa Desemba.

Kwa bahati mbaya, kifaa hichohicho ndicho kinacholaaniwa zaidi na wapambaji. Mvua inaponyesha na bustani yote ikazimika, wapo wanaotafuta soketi isiyo na ulinzi ndani ya nyumba na kupitisha ekstensheni dirishani, na wapo wanaovunja kijiti cha tatu cha plagi, kile cha ardhi, ili tu waya uingie kwenye tundu. Mwenye kutenda hivyo amefananisha mlinzi na kero, naye anastahili kukemewa bila staha, maana watoto wa jirani hawakushirikishwa katika uamuzi wake. Kikatamvujo kinapokata, kimeeleza ukweli kuhusu viungo vya nyaya. Ni vyema ikumbukwe pia kwamba mivujo hujumlishwa: viungo kumi vyenye unyevu, kila kimoja kikivuja nusu miliampea, vinatosha kukizima kifaa kimoja ingawa hakuna kiungo hata kimoja chenye kasoro ya kuonekana. Kutokana na hesabu hiyo huzaliwa karibu kanuni zote za kupitisha nyaya.

Kwanza viungo vipungue, na njia ya kuvipunguza ni kutumia waya mmoja wa urefu unaotosha badala ya vipande vitatu vilivyounganishwa. Viungo visivyoepukika viinuliwe kutoka ardhini, juu ya kigingi au ndoano, na matundu yao yaelekee chini ili maji yasiingie. Desturi ya kuzungushia kiungo utepe wa plastiki, ingawa huonekana kama uangalifu, mara nyingi hufungia ndani unyevu usioweza kutoka tena. Kabla waya haujaingia kwenye soketi au kisanduku, uachwe uning'inie na kupinda kwa chini, ili tone la mvua linalotambaa juu yake lidondoke kwenye pindo lile badala ya kuufuata hadi ndani. Waya wa nje wa Marekani hutambulikana kwa herufi W katika maandishi ya ganda lake, na usio na herufi hiyo haukukusudiwa kuvumilia jua na mvua.

Kuhusu mahali pa vidhibiti, pana zama mbili za kutofautishwa. Katika zama za kwanza, zilizopata umaarufu mwaka 2005 kutokana na video ya nyumba moja ya Mason, Ohio, ambayo taa zake zipatazo 16,000 zilicheza kwa kufuata muziki, kidhibiti kilipokea umeme wa volti 120 na kuugawa katika njia kadhaa, aghalabu 16, kila njia ikiwa na waya wake wa kwenda kwenye taa zake. Nyumba ile ya Mason ilikuwa na njia 88. Kila njia ni waya, hivyo kisanduku kilichowekwa mbali na taa kilizaa msitu wa nyaya majanini, na kisanduku kilichowekwa katikati ya taa zake kilihitaji waya mmoja mnene wa kukilisha na nyaya fupi za kuzigawia taa.

Unene wenyewe una sababu. Waya wa shaba wa Marekani wa namba 16, ambao eneo la mkato wake ni kama milimita 1.3 za mraba, ukiwa na urefu wa futi 100 na kubeba ampea 10, hupoteza volti 8 hivi katika safari ya kwenda na kurudi, na volti hizo hugeuka joto ndani ya waya. Wa namba 12, wenye milimita 3.3 za mraba, hupoteza zaidi kidogo ya volti 3. Katika hesabu za Marekani namba ikipungua waya hunenepa, mtego ambao umewanasa wengi.

Zama za pili ni za pikseli, yaani taa za LED ambazo kila moja ina chipu yake, kama ile ya aina ya WS2811, na hupokea amri yake binafsi ya rangi kupitia waya wa data unaoandamana na nyaya mbili za umeme. Msitu wa nyaya umetoweka, lakini umeme sasa ni wa volti 5 au 12 tu, na hapo upotevu wa volti 1, ambao katika 120 haukuonekana, huwa ni sehemu ya tano ya volti 5. Dalili yake ni ya kipekee: LED ya buluu na ya kijani huhitaji karibu volti 3 na nyekundu karibu 2, kwa hiyo mwisho wa uzi mrefu buluu na kijani hufifia kwanza, na kilichoamriwa kuwa cheupe huonekana chekundu-chekundu. Wapambaji hutibu hali hiyo kwa kuingiza umeme upya katikati ya uzi, kama kila pikseli 50 kwa volti 5. Data nayo hudhoofika ndani ya mita chache kutoka kwenye kidhibiti, isipokuwa itumwe kwa jozi ya nyaya zilizosokotwa hadi kipokezi kilicho karibu na taa. Inafuata kwamba kidhibiti au kipokezi, pamoja na mtambo wa kushusha volti, vipelekwe penye taa, na safari ndefu iachiwe umeme wa volti 120 na jozi ya data, ambavyo huivumilia.

Kisanduku chenyewe kisimamishwe wima, juu ya ardhi na mbali na maji ya kunyweshea bustani, matundu yote ya nyaya yakiwa upande wa chini, na kiachiwe kitundu kidogo cha kutolea umande. Sakiti ya ampea 15 isipewe zaidi ya ampea 12 kwa mzigo unaowaka muda mrefu, na nyaya zote ziondolewe baada ya sikukuu, kwa kuwa kanuni ileile ya umeme huyahesabu mapambo kuwa ya muda wa siku 90 tu.

Kwa wale wanaofunga taa hizi katika makontena kuzipeleka Dar es Salaam au Mombasa, uzi wa kawaida wa balbu 50 za mfuatano, kila moja ikitengenezewa volti 2.5, utaungua papo hapo kwenye umeme wa nyumbani huko, ambao volti zake ni karibu maradufu ya zile za Marekani. Pikseli zenyewe hazijali, maadamu mtambo wa kushusha volti unakubali 230, na mitambo mingi ina swichi ndogo ya kuchagua, isiyobadilika yenyewe. Ulinzi wa mvujo uliozoeleka katika mfumo wa 230 hukata kwenye miliampea 30, yaani mara sita ya kipimo alichokichagua Dalziel, na waya uliochubuka unaoweza kuzima bustani nzima ya Ohio unaweza kuendelea kuvuja Kinondoni usiku kucha.