Mtaka cha Mvunguni

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Kwa miaka mingi niliuamini msemo huo bila kuuhoji, na kila mwanafunzi aliyelemewa nilimpa dawa moja tu: ongeza bidii. Leo naandika kukiri kwamba dawa hiyo ni nusu tu ya tiba.

Palikuwa na kijana mmoja aliyekuja shuleni hapa Mokowe kwa baiskeli kutoka Hindi. Wakati wa kaskazi alifika mapema. Kusi ilipoanza kuvuma, akawa mchelewaji, nami nikamwadhibu kwa uvivu. "Mwalimu, ni upepo," alijitetea. Sikumsikiliza. Hata asubuhi moja ya mwezi wa Julai nikaazima baiskeli, nikaifuata njia ile ile, shati nimeliachia nje. Sikufika nusu ya safari kabla ya kuanza kuhema. Shati lilikuwa limefura mgongoni mfano wa tanga. Lakini tanga la jahazi humpeleka baharia aendako. Langu lilikuwa likinirudisha Hindi.

Ndugu msomaji, hesabu yake ni hii. Mwendo ukiongezeka maradufu, ukinzani wa hewa huongezeka mara nne, na nguvu inayohitajika kuushinda huongezeka mara nane. Anayetaka kuongeza mwendo wake kwa asilimia 10 tu hana budi kuongeza nguvu ya kupambana na hewa kwa takriban asilimia 33. Naye aendaye kilomita 20 kwa saa, akikabiliwa na upepo wa kasi iyo hiyo, hupambana na hewa kana kwamba anakwenda kilomita 40. Isitoshe, kizuizi kikubwa si baiskeli, bali ni kiwiliwili cha mpandaji mwenyewe.

Mabingwa wa mbio za baiskeli dhidi ya saa, ambamo kila mtu hukimbia peke yake bila mwenzake wa kumkinga upepo, walijifunza somo hili kwa uchungu. Tarehe 23 Julai 1989, siku ya mwisho ya Tour de France, Mfaransa Laurent Fignon alikuwa akimtangulia Mmarekani Greg LeMond kwa sekunde 50. Zilibaki kilomita 24.5, kutoka Versailles hadi Paris. LeMond alifunga vishikio vya mbele vilivyomwezesha kukusanya mikono na kuinama, akavaa kofia iliyochongoka nyuma. Fignon alikwenda kichwa wazi, nywele zake zimefungwa kisogoni. LeMond akashinda mashindano yote, yaliyozidi kilomita 3,200, kwa sekunde 8! Ni kweli kwamba Fignon alikuwa na kidonda kilichomtesa kitini. Hata hivyo, ni vigumu kuamini kwamba hewa haikuwa na fungu lake katika sekunde hizo.

Wala maarifa haya si ya matajiri pekee. Mwaka 1993 Mskoti Graeme Obree aliweka rekodi ya dunia ya mwendo wa saa moja, kilomita 51.596, kwa baiskeli aliyoiunda mwenyewe, ndani yake mkiwa na vipuri vya mashine ya kufulia nguo. Mikono aliikunja chini ya kifua. Wakuu wa mchezo huo waliupiga marufuku mkao wake mwaka uliofuata. Na hapa kwetu, Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufunzwa na Mkenya David Kinjah, alikuja kuipatia Uingereza nishani ya shaba katika mbio dhidi ya saa kwenye Olimpiki za 2012 na 2016.

Hata hivyo, tusije tukaruka majivu tukakanyaga moto. Mkao mzuri haumfikishi popote mtu asiyekanyaga pedali. Anayeinama kupita kiasi hubanwa pumzi, na nguvu zake hupungua. Palipo na mlima mkali mwendo huwa mdogo, hewa husahauliwa, na kinachoamua ni nguvu za mtu zikilinganishwa na uzito wake. Hekima ni kupata ule mkao ambao faida ya kuinama inazidi hasara ya pumzi.

Walimu wenzangu, mwanafunzi anaposhindwa, tusikimbilie kumwambia aongeze bidii kabla ya kuuliza ni kitu gani kinachomrudisha nyuma. Huenda hana taa ya kusomea, huenda hajala. Bidii isiyoondolewa kizuizi huishia hewani. Nanyi wanafunzi, msifanye upepo kisingizio. Chomekeni mashati, mkanyage.

Kijana yule nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Kisha nikamwonyesha namna ya kushusha usukani na kukusanya viwiko. Kusi haikukoma kuvuma, ila kuchelewa kwake kulipungua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nami mwalimu wake nilipaswa kuwa wa kwanza kuinama.