Unataka jina la biashara liwe Limited? Soma hii kabla hujalipia

Swali linalokuja sana inbox: "Nina jina la biashara, nataka nibadilishe iwe kampuni, naanzia wapi?" Leo tulimalize.

Kwanza ujue ulipo sasa. Cheti cha jina la biashara cha BRELA hakikutenganishi wewe na duka lako. Kinasema tu kwamba fulani anafanya biashara kwa jina hili. Deni la duka ni deni lako.

Chukua mfano unauza dagaa mtandaoni kutoka hapa Bagamoyo. Umekopa mzigo wa milioni 6, mvua zikapiga wiki nzima, dagaa hawakukauka, wakaoza. Mwenye mzigo akikushitaki na akashinda, pikipiki yako na kiwanja chako cha Kerege vinaweza kukamatwa.

Limited ni tofauti. Kisheria kampuni ni mtu mwingine kabisa. Inamiliki mali, inadai na inadaiwa yenyewe. Mwenye hisa anapoteza zile hela za hisa zake, basi.

Msingi huu ni wa zamani. London, mwaka 1892, mfanyabiashara wa viatu anaitwa Aron Salomon aliiuzia kampuni mpya biashara yake binafsi. Wenye hisa: yeye, mkewe na watoto wake watano. Kampuni ikaanguka haraka, ikadaiwa alipe yeye mfukoni mwake. Mwaka 1896 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikakataa: kampuni ni kampuni, Salomon ni Salomon. Sheria yetu ya Makampuni ya mwaka 2002 imesimama kwenye msingi huohuo.

Sasa sikiliza vizuri. Jina la biashara haligeuki kuwa kampuni kwa kubonyeza kitufe. Unaanzisha kampuni MPYA, halafu unaihamishia biashara. Hatua zenyewe ni hizi:

1. Ingia mfumo wa BRELA mtandaoni (ORS), angalia kama jina linapatikana. Usifunge jina la zamani kabla kampuni haijasajiliwa.

2. Tafuta mwenzako. Kwa kawaida kampuni inaanza na wenye hisa wawili na wakurugenzi wawili. Andaeni namba za NIDA, TIN, katiba ya kampuni na fomu namba 14b. Ada ya usajili inapanda kadiri mtaji wa hisa unavyopanda, kwa hiyo usiandike milioni 50 kwa sifa.

3. Kampuni ikishapata cheti, ichukulie TIN yake TRA, leseni yake halmashauri, akaunti yake benki na lipa namba yake. Za zamani ni zako wewe, sio za kampuni.

4. Hamisha mali kwa maandishi: friji, pikipiki, mzigo wa stoo. Madeni ya zamani hayahami yenyewe. Uliyekopa ukiwa wewe, utaendelea kudaiwa wewe, mpaka anayekudai akubali kuihamishia kampuni.

5. Mwisho ndio unafunga jina la zamani BRELA, na unawajulisha TRA.

Gharama zake je? Hapa wengi hawaambiwi. Ukiwa mtu binafsi na mauzo yako hayazidi milioni 100 kwa mwaka, TRA wana kodi rahisi inayokadiriwa kwa mauzo, bila hesabu za mkaguzi. Kampuni haimo kwenye utaratibu huo. Kampuni inalipa asilimia 30 ya faida, inahitaji mhasibu mwenye sifa wa kuandaa hesabu, na kila mwaka inapeleka taarifa BRELA hata kama haikuuza kitu. Ukichelewa, faini.

Na hela ya kampuni sio ya kwako tena. Ukitaka kula, ujilipe mshahara wenye kodi yake, au gawio ambalo linakatwa asilimia 10.

Halafu kuna vitu vinavyobomoa ule ukuta wako. Benki ikikopesha kampuni ndogo, mara nyingi inataka wewe mkurugenzi usaini kama mdhamini. Ukisaini, kiwanja cha Kerege kimerudi mezani. Ukipokea hela za wateja kwenye namba yako binafsi, ukalipia kodi ya nyumba humohumo, siku ya kesi utapata tabu kueleza ipi ni ya nani. Na ukiagiza mzigo, andika jina la kampuni kwenye oda, usiweke lako.

Kwa hiyo nani ahame? Jiulize maswali matatu. Je, unachukua mizigo ya mkopo ambayo ikiharibika huwezi kuilipa bila kuuza mali ya familia? Je, kuna hoteli au taasisi imekwambia inanunua kwa kampuni tu? Je, unaingiza mwenzako mwenye mtaji, na mnataka kila mtu ajue fungu lake? Ukijibu ndiyo hata kwa moja, kaa na mhasibu mpige hesabu.

Kama unauza kwa cash, mzigo mdogo, huna deni la mtu, jina la biashara linakutosha kwa sasa. Anza tu kutenganisha hela za duka na za nyumbani, na andika mauzo kila siku. Siku ya kuhama ikifika, kazi itakuwa imepungua nusu.

Mtumie mwenzako anayetaka Limited kwa ajili ya muhuri tu. Maswali tupia hapo chini.