Nyaya za Jukwaani

Wiki hii nazungumzia nyaya za vipaza sauti, zile zinazotapakaa jukwaani kila penye harusi, kwaya au mkutano. Usiseme ni habari ya mafundi peke yao. Anayekosa kusikia ni wewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilishika mitambo kwenye sherehe ya kumuaga binti, hapa Kihesa, mjini Iringa. Vipaza sauti vilikuwa sita, na nyaya sita, zote nyeusi, zimeviringana kama utumbo wa kuku. Mambo yalikwenda vizuri mpaka bibi mzaa baba alipoinuka kumpa mjukuu wake nasaha. Neno la kwanza tu, sauti ikakatika. Nikavuta waya mmoja, stendi ya wanakwaya ikaanguka. Watu wakacheka. Nilipoupata waya wenyewe, bibi alikwisha kukaa. "Nimeshasema, mwanangu," akaniambia. Kweli alisema, ila waliomsikia ni bi harusi na meza ya mbele.

Waya kuharibika si ajabu. Kosa langu lilikuwa kutojua ni upi.

Siku hizi kila waya wangu una namba kwenye ncha zote mbili, na namba hiyo ndiyo ya tundu lake kwenye mikisa. Nimeziandika kwa rangi ya kucha ya mke wangu (naye analijua hilo). Waya unaobaki haurundikwi kwenye mikisa; unalazwa duara chini ya stendi, ili mwimbaji akisogea asiangushe kitu. Panapopita watu, waya ubandikwe sakafuni kwa utepe.

Tena kuna ule mvumo mzito kwenye spika. Umeme wetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na waya uliolala sambamba na ule wa umeme huunasa. Waya mzuri wa kipaza sauti una nyuzi mbili, zimezungukwa na ganda la shaba iliyosukwa. Sauti hupita katika nyuzi zote mbili, moja kinyume cha nyingine, lakini mvumo huingia sawasawa kote. Mikisa huchukua tofauti ya hizo mbili. Mvumo hujifuta, sauti hubaki. Ganda likikatika kwenye plagi, kinga hupungua. Kwa hiyo umeme upite upande wake na sauti upande wake. Zikibidi kukutana, zikatane kama njia panda.

Na jamani, tuache kukunja waya kwenye kiwiko! Huko ndiko nyuzi za ndani zinakosokoteka na kukatika. Kunja mviringo mmoja kwa juu, unaofuata upindue kwa chini, na mara nyingine utafunguka bila fundo.

Juzi, kwenye harusi hapa hapa Kihesa, waya namba 4 ulikufa baba mkubwa akiwa anasimama. Nilichomeka wa akiba kabla hajamaliza kusalimia.